Video Zitawekwa Mtandaoni

Alhamisi, 25 Aprili 2024

Kongamano letu la walimu wa Kiswahili limefungwa saa kumi na moja jioni, ingawa ratiba ilisema saa tisa. Mwenyekiti amewashukuru wafadhili, wenyeji, wapishi na Mwenyezi Mungu, kwa mpangilio huohuo. Alikwisha kulifunga faili lake, akalifungua tena. "Na kwa wale ambao hawakujaliwa kufika," akasema, "video za vikao vyote zitawekwa mtandaoni ndani ya wiki moja." Watu wakapiga makofi. Mhazini akageuka akanitazama. Na mimi nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Mimi ni katibu msaidizi. Sifa yangu katika mambo ya mitambo ni kwamba mwaka jana niliichomeka projekta ikawaka.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, miaka 60. Mwenyekiti amenipigia saa mbili asubuhi kunitakia sikukuu njema na kuuliza kama video ziko tayari.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda Magomeni kwa kijana aliyeturekodia. Kazi yake ni harusi. Kamati ilimchukua kwa sababu bei yake kwa siku zote tatu ilikuwa chini ya fungu la maji ya chupa, na maji mhazini alikuwa ameshayanunua. Amenipa memori kadi za siku ya kwanza na ya pili ndani ya bahasha yenye maandishi ya dhahabu, Mungu Aibariki Ndoa Yenu. Kadi ya siku ya tatu anayo, ila hajui iko kwenye begi lipi.

Mafaili yanaitwa MVI_0412, MVI_0413, na kuendelea hivyo mpaka mtu akate tamaa. Hakuna jina la mtu wala la mada. Kisha kila kikao kimekatika vipande, kwa sababu kadi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa ubora alioutumia kijana, megabiti 24 kwa sekunde, GB 4 hujaa kabla ya nusu saa. Kamera haikupoteza kitu, ilifungua faili jipya ikaendelea, lakini kazi yangu sasa ni kuunga sentensi za watu. Profesa anasema "kwa hiyo hitimisho langu ni" katika MVI_0419, na hitimisho lenyewe limo katika MVI_0420.

Kijana ana mtindo wake. Katika mada ya uhakiki wa riwaya, mtoa mada anaonekana mwanzoni na mwishoni. Katikati kamera imekaa kwa mama mmoja wa safu ya tatu aliyevaa kitenge kilichoshonwa kwa ustadi. Nimekitazama kwa muda. Kweli kimeshonwa kwa ustadi.

Jumapili, 28 Aprili

Taa za ukumbi zinapepesa katika kila video. Kamera hiyo ililetwa na shemeji yake kijana kutoka Marekani, ambako umeme hupiga mizunguko 60 kwa sekunde. Wa kwetu hupiga 50. Taa za mirija zilifuata umeme wa hapa, kamera ikafuata wa kwao. Ukumbini hakuna aliyeona kitu, kwa kuwa jicho la mtu haliendi kasi hiyo. Dawa ni kuiweka shata kwenye 1/50 au 1/100 kabla ya kurekodi. Baada ya kurekodi kuna programu za kulipia.

Kijana amesema kwenye harusi hajawahi kupata malalamiko, watu hudhani ni disko.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo nimesikiliza sauti. Kipaza sauti cha ukumbini kiliunganishwa na spika, lakini hakuna aliyeunganisha chochote na kamera. Kamera ilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, ikisikiliza kwa masikio yake yenyewe. Umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6, kwa hiyo kamera ilisikia vizuri majirani zake: pangaboi, mlango, mvua ya masika juu ya bati, na wajumbe wawili wa safu ya mwisho waliokuwa wakijadili viwanja vya Kibaha. Mtoa mada yuko mbali, anataja viambishi. Habari za viwanja zinasikika neno kwa neno. Karatasi ya serikali ya mtaa si hati, kumbe, na mwenye akili hupima kwanza.

Mtu huvumilia picha mbovu. Atatazama giza na visogo vya watu kwa saa nzima, mradi anasikia. Sauti ikiwa mbovu anaondoka dakika ya kwanza, na ana haki. Tungenunua waya mmoja mrefu kutoka kwenye mitambo ya sauti hadi kwenye kamera, kwa bei ya katoni chache za maji yale yale, nisingekuwa naandika haya.

Tumeokolewa na mhadhiri mmoja kijana ambaye kila asubuhi aliweka simu yake juu ya meza ya mtoa mada, kinasa sauti kikiwa wazi, kwa matumizi yake binafsi. Ameanza kunitumia.

Jumanne, 30 Aprili

Kuoanisha sauti ya simu na picha ya kamera. Wenye fani hupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, kisha mlio wa kofi hulinganishwa na mikono inapokutana kwenye picha. Sisi tunayo makofi ya ukumbi mzima, ambayo huanza ovyo. Nimemtumia mwenyekiti wa kikao cha kwanza, ambaye hugonga meza anapotaka watu wanyamaze. Ninamshukuru kwa ukali wake.

Mwanzoni vinaoana. Baada ya nusu saa profesa anafunga mdomo na sauti inaendelea. Saa iliyo ndani ya simu na iliyo ndani ya kamera hazilingani. Zikitofautiana kwa moja ya elfu tu, kila baada ya saa nzima zimeachana kwa sekunde 3.6. Inabidi sauti ivutwe au ibanwe kidogo kidogo mpaka irudi mdomoni. Nimembana profesa hadi saa saba usiku.

Halafu kuna maswali. Anayeuliza hupelekewa kipaza sauti, naye hukisukuma kando: "Mimi sihitaji, sauti yangu inatosha." Inatosha kweli, kwa waliokuwa ukumbini. Katika video kuna kimya cha dakika mbili, kisha profesa anajibu, "Hapana, hapo sikubaliani nawe hata kidogo."

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi.

Alhamisi, 2 Mei

Kikao cha dharura cha kamati. Mjumbe mmoja ambaye mke wake ni mwanasheria ameuliza kama watoa mada waliridhia kurushwa mtandaoni. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na sura ya mtu pamoja na sauti yake humtambulisha. Mhazini akasema hakuna tatizo, wote walisaini, karatasi anazo. Zikaletwa. Saini zote zipo, nyingine nzuri sana, kila moja mbele ya kiasi cha posho kilichopokelewa.

Imeamuliwa watoa mada wote waandikiwe barua ya kuomba ridhaa. Imeamuliwa pia atafutwe mama wa kitenge, kwa kuwa katika mada ya riwaya ndiye anayeonekana zaidi. Mwenyekiti ameniomba niwe mwepesi.

Ijumaa, 3 Mei

Chama kina akaunti kwenye mtandao wa video. Ilifunguliwa zamani, haina kitu ndani, na nywila yake hakuna anayeijua. Isitoshe, akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu haipokei video inayozidi dakika 15. Mada fupi kuliko zote tulizonazo ni ya dakika 40, na mtoa mada aliomba radhi kwa kuharakishwa.

Ukiomba kuingia upya, tarakimu za siri zinatumwa kwenye simu iliyofungulia akaunti. Simu hiyo ni ya katibu aliyepita, aliyeangushwa kwenye uchaguzi kwa kura mbili. Nimempigia, nikamwamkia. Amesema tarakimu zimeingia na anaziona, ila kabla ya yote angependa kuelezwa zile kura tatu zilizoharibika ziliharibikaje. Tumezungumzia kura mpaka tarakimu zikaisha muda wake.

Jioni kijana wa kamera amepiga simu. Kadi ya siku ya tatu imeonekana. Imo kwenye begi alilonalo, naye yuko Unguja, kwa sababu ni Mfunguo Mosi na harusi zimebanana. Angerudi kesho, lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza Kimbunga Hidaya na boti zimesitishwa.

Jumamosi, 4 Mei

Hidaya imeingia upande wa Mafia. Hapa Dar upepo na mvua. Umeme wa mtaani kwetu umekwenda mchana. Nimeziandika barua za ridhaa kwa mkono.

Jumatatu, 6 Mei

Boti zimerejea na kijana amerejea nazo.

Siku ya tatu mchana ndiyo niliyokuwa nikiingoja. Saa ile sikuwa ukumbini, nilikuwa nje nikitafuta gari la kuwarudisha wageni wa Morogoro. Ilikuwa zamu ya Mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye kadi za Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI iliyotoka 1981. Hakuleta makala, wala ikisiri, wala slaidi. Alipoombwa na kamati aandike japo kurasa mbili, alijibu kwamba yaliyoandikwa mnayo, yeye anakuja kusema yasiyoandikwa.

Nimemtazama nikiwa nimeacha kalamu. Anaanza na Mombasa, 1928, mkutano ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu na Kimvita kikae pembeni, pamoja na tenzi zake zote. Anasema mkutano ule umetuachia maazimio, na maazimio humtaja aliyeshinda. Aliyeshindwa alisema nini, kwa sauti gani, akiwa amekaa au amesimama, hatunacho. Anakwenda 1930, Kamati ya Lugha inaundwa. Anapita 1939, kamusi za Johnson. Kisha anaingia kwenye kazi yake mwenyewe: kila neno na kadi yake, kadi ndani ya visanduku, na watu wazima wakigombana siku nzima juu ya kidahizo kimoja, halafu wanakwenda kula pamoja. Anainua kidole. "Sasa niwaambie maneno tuliyoyaacha nje," anasema, "na nani aliyakataa, na kwa nini."

Picha imekatika. Dakika 29 na sekunde 59.

Kipande kinachofuata kinaanza watu wakipiga makofi, baadhi wamesimama, na mama wa kitenge anafuta macho.

Nimemuuliza kijana. Alikuwa amekwenda kula, na kamera ile ikifika hapo hujizima. Nimetafuta sababu. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kamera inayoweza kurekodi dakika 30 mfululizo, kwa kuihesabu kuwa ni kamera ya video. Watengenezaji, ili kamera zao za picha zisiingizwe kundi hilo, wakaziweka zikome sekunde moja kabla. Kwa hiyo ushuru wa forodha wa Ulaya umemkatiza Mzee katikati ya maneno, Dar es Salaam, kupitia kamera iliyonunuliwa Marekani.

Barabara ya kusini imekatika kwa mafuriko. Mtoa mada wetu wa Lindi, aliyekuwa amebaki Dar kwa ndugu zake, hawezi kuondoka, kwa hiyo amekuja ofisini kujitazama. Ameomba niondoe kikohozi chake cha dakika ya 12. Nimekiondoa. Ameomba niondoe na swali la dakika ya 38.

Jumanne, 7 Mei

Nilikuwa na tumaini katika simu ya mhadhiri. Sauti ya Mzee inaanza safi kabisa. Dakika ya 21 inalia kaswida, kisha basi. Simu yake huacha kurekodi ikipigiwa. Nimerudi kwenye picha ya kamera nikatazama dakika hiyo: Mzee anaichukua simu mezani, anasoma jina kwenye kioo, anamnyooshea mhadhiri. "Pokea, mwanangu, mama mkwe wako huyu." Ukumbi unacheka. Mhadhiri anatoka nayo nje, na hakuirudisha mezani. Mama mkwe hawezi kuambiwa asubiri, hilo hata kamati imelikubali.

Nimempigia Mzee. Shikamoo, marahaba. Nimemweleza habari ya ushuru wa Ulaya, akasema haimshangazi. Nikamwomba tumfuate nyumbani ayaseme tena. Amesema yale alikwisha kuyasema mbele ya watu zaidi ya mia, na hawezi kuyasema upya mbele ya kijana wa harusi. Anayeyataka awaulize waliokuwepo.

Nimewauliza. Wa kwanza anakumbuka neno moja, ambalo nimelikuta katika kamusi, kwa hiyo silo. Wa pili anakumbuka kwamba alicheka sana. Wa tatu na wa nne walikuwa kwenye viwanja vya Kibaha.

Jumatano, 8 Mei

Katibu aliyepita ametoa tarakimu. Sharti lake ni kwamba maelezo ya kila video yamtaje kuwa mwasisi wa akaunti. Nimeandika.

Alhamisi, 9 Mei

Kijana, kwa kusikitika yaliyotokea, amejitolea kuhariri mada ya ngeli bila malipo. Ameleta leo. Profesa anaingia kutoka upande wa kushoto ndani ya umbo la moyo. Slaidi zinapokezana kwa kufunuka kurasa, na kila mfano unapotokea zinadondoka nyota. Chini ya mada yote, kwa sauti ya wastani, kuna wimbo wa Bongo Fleva wa mapenzi, kwa sababu bila muziki, amesema, ilionekana kavu.

Nimeipakia kama jaribio, nikiweka isionekane na watu. Mitandao ya video ina mtambo unaolinganisha sauti ya kila video na hazina ya nyimbo zilizosajiliwa. Ukikuta wimbo, mwenye wimbo ndiye anayechagua: video izuiwe, au iachwe na fedha za matangazo ziende kwake. Wetu amechagua la pili. Yaani ngeli za nomino zikipata watazamaji, atakayelipwa ni msanii. Profesa ameniuliza kama msanii huyo naye anapaswa kusaini fomu ya ridhaa.

Nimerudi kwenye video yangu isiyo na nyota.

Jumamosi, 11 Mei

Hesabu. Saa moja ya video ya kijana ni karibu GB 11. Intaneti ya ofisini hupandisha megabiti 2 kwa sekunde. Saa moja ya mada ingechukua saa 12 kupanda, na mada ni nyingi. Bando la simu siligusi, nina familia. Nimezibana zote hadi megabiti 3 kwa sekunde, sasa saa moja ni GB 1.35 na inapanda kwa saa moja na nusu. Kwa mtu aliyesimama akisoma karatasi inatosha. Kilichopotea ni mikunjo ya kitenge.

Nimepanga kuanza kesho asubuhi. Jumapili watu wako kanisani na mtandao huwa mwepesi.

Jumapili, 12 Mei

Asubuhi nimeanza kupakia. Muda mfupi baadaye intaneti ikafa, ya ofisini, ya simu, ya jirani. Redio imesema nyaya mbili zilizo chini ya Bahari ya Hindi, zile zilizoanza kazi 2009 na 2010, zimekatika upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini zimeathirika.

Mhazini amenipigia kwa simu ya kawaida. Ameuliza, kwa sauti ya chini, kama video zetu zilikuwa kubwa kiasi hicho.

Jumanne, 14 Mei

Mtandao unakuja na kuondoka. Walimu wa mikoani wanapiga simu: wiki moja ya Mwenyekiti inaisha lini? Nikakumbuka vibanda vya movie. Kila mtaa una kijana mwenye kompyuta anayekuwekea filamu kwenye flashi kwa bei ndogo, na hahitaji bahari yoyote. Nimempelekea wa mtaani kwetu vikao vyote ndani ya diski. Ametazama mwanzo wa kimoja.

"Hii imetafsiriwa?"

Nikamwambia ni ya Kiswahili tangu mwanzo.

"Ni sizoni ya ngapi?"

Ameiweka kwenye orodha yake kati ya filamu za Kikorea na za Kihindi. Walimu wawili wa shule ya jirani wamekwisha kwenda kuchukua. Hii ndiyo njia pekee mpaka sasa iliyofikisha mada kwa mtu.

Ijumaa, 17 Mei

Intaneti imetulia. Zimeanza kupanda usiku kucha. Mtambo hupendekeza picha tatu za jalada kwa kila video, na katika zote tatu profesa amefumba macho. Nimepiga picha nyingine kutoka kwenye video. Humo amefumbua, ila kinywa kiko wazi. Ameona ni bora macho.

Nimejaribu pia programu ya kunakili maneno ili kuwe na maandishi chini ya picha, kwa ajili ya wasiosikia na wanaotazama daladalani bila sauti. Mahubiri ingeyaweza. Isimu haikuiweza. "Mofimu Tegemezi" imeandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, kama jina la mtu, na katika ukurasa wa pili mtu huyo anaanza kuzungumza. Palipo na kimya kirefu cha yule muuliza swali asiyehitaji kipaza sauti, programu imebuni sentensi nzima ya kuwashukuru watazamaji. Nitasahihisha kwa mkono, mada moja moja.

Jumatatu, 20 Mei

Kuna kongamano la programu huria, FOSDEM, hufanyika Brussels kila mwaka. Vikao vyao hurekodiwa na watu wa kujitolea, na kabla video haijatoka, mtoa mada hutumiwa linki aikague: inaanzia panapofaa, inaishia panapofaa, sauti ipo? Akikubali ndipo inatoka. Utaratibu huo unapunguza ugomvi. Nimewatumia wetu linki pamoja na fomu ya ridhaa, nikawapa hadi Ijumaa.

Ijumaa, 24 Mei

Majibu. Wengi wameandika "Nimepokea kwa shukrani" na hawakufungua. Mmoja ameuliza kama kukagua kuna posho. Mmoja ameomba iongezwe sehemu ambayo siku ile hakuisema kwa uchache wa muda. Mmoja ameomba isitoke kabisa mpaka makala yake ichapishwe kwenye jarida, na huyo namwelewa, kwa sababu kuna wanaotazama kwa nia ya kunakili. Mama wa kitenge ameridhia kwa maandishi, na ameomba kipande chake kwa ajili ya fundi.

Jumatano, 29 Mei

Zimetoka. Mfumo unaonyesha watazamaji wanaondokea dakika gani. Wengi wanaondokea ya tatu. Nimetazama dakika ya tatu: bado wageni wanatambuliwa. Katika vikao vyetu mada huanza kwenye dakika ya tisa, itifaki ikishazingatiwa. Nilizikata dakika hizo kwenye video moja, na kabla ya saa sita mchana ofisi ya mgeni rasmi ilikuwa imepiga simu. Nimezirudisha. Badala yake nimeweka orodha ya nyakati chini ya video, mtu abonyeze aruke hadi anapotaka. Orodha hiyo mfumo haukubali ianze popote isipokuwa 0:00, kwa hiyo itifaki imebaki ya kwanza.

Jumatatu, 3 Juni

Mwenyekiti ametangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba ahadi imetekelezwa. Akaulizwa kama kongamano la mwakani nalo litarekodiwa. Akajibu ndiyo, na mara hii litarushwa moja kwa moja. Kundi likampigia makofi ya vidole vya njano. Nimeandika kwenye ajenda ya kikao kijacho: waya wa sauti, fomu ya ridhaa pamoja na ya posho, kamera isiyojizima. Mhazini ameuliza kuhusu maji.

Vikao vyote vipo mtandaoni, isipokuwa cha mwenye makala jaridani, na nusu ya pili ya Mzee. Ile nusu ya kwanza nimeiweka kama ilivyo, hadi kidole kinapoinuka.

Ikiwa ulikuwepo ukumbini Alhamisi ile mchana, na ulirekodi kwa simu japo dakika chache kuanzia pale alipotaka kutaja maneno yaliyoachwa nje ya kamusi, tuletee kabla hujauza simu au kufuta ili upate nafasi. Picha hata ikiwa ya dari hatujali. Sauti inatosha.